Maganda Yanakokwenda

John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, na miongoni mwa hazina za ufalme walizoona walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Vitu hivyo vimeelezwa mara nyingi kama alama za enzi, na ndivyo vilivyokuwa. Lakini kila kipande cha chuma kilichowekwa mbele ya mfalme kilikuwa kimeacha nyuma vitu viwili visivyoingia ikulu: kisiki cha mti uliochomwa makaa, na bonge la mavi ya chuma lililotupwa kando ya tanuri. Historia ya viwanda vya Karagwe, na ya Kyerwa iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka 2012, kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata bidhaa: chuma kilikwenda kwa nani, bati iliuzwa wapi, kahawa ilipata bei gani. Nadhani tutaielewa vizuri zaidi tukifuata mabaki. Teknolojia mpya imeingia katika nchi hii mara kadhaa, na kila mara uhai wa chama au kampuni iliyoileta, pamoja na hali ya ardhi iliyoipokea, umetegemea sana kama kile kilichobaki baada ya bidhaa kuondoka kilirudi kilikotoka au kilipotea.

Ushahidi wa kale zaidi hauko Karagwe yenyewe bali upande wa ziwa, Katuruka na Kemondo karibu na Bukoba, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba akiongozwa na masimulizi ya wazee wa Kihaya. Alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya takriban miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mafundi wale waliingiza kewa za udongo, yaani mirija ya kupitishia hewa, ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa kutoka kwenye mivuo ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda kuliko ilivyodhaniwa. Wataalamu wengine walilipinga dai la hewa iliyopashwa moto, na ubishi huo umedumu. Kwa hoja yetu ubishi huo si mkubwa. Kikubwa ni kwamba tanuri lilikula miti. Schmidt aliona katika mabaki ya makaa na chavua dalili za misitu ya ukanda wa ziwa kupungua sana katika milenia ya kwanza, kisha zikaja karne za wakazi wachache kabla ya watu na matanuri kuongezeka tena. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba jembe lilifyeka msitu zaidi ya mvuo. Jibu ni kwamba jembe na mvuo vilikuwa kazi moja: chuma kilichotoka tanurini ndicho kilichofungua shamba, na shamba likazuia mti kurudi. Ufundi haukupungua kwa kukosa akili. Ulibanwa na kuni.

Uyeyushaji ulipokoma kabisa katika zama za wakoloni, haukuzimwa na uhaba wa miti. Ulizimwa na jembe la kiwandani kutoka Ulaya na chuma chakavu, vitu vilivyouzwa kwa bei ambayo fundi wa tanuri hakuweza kushindana nayo. Hapo miti ya Karagwe ilipata nafuu fulani, na watu wengi wangesema teknolojia mpya iliokoa mazingira. Tusilikubali jambo hilo haraka. Moshi na mavi ya chuma havikutoweka, vilihamia kwenye makaa ya mawe ya Ulaya, na pamoja navyo ikahama kazi. Na mwanzoni mwa zama hizo, miaka ya 1890, sotoka iliangamiza ng'ombe wa eneo hili. Ng'ombe wa Karagwe hakuwa fahari tu. Alikula nyasi za nyika mchana, akalala nyumbani usiku, na samadi yake ikaingia kwenye kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Huo nao ulikuwa mtambo, ingawa hauna gurudumu: ulikusanya rutuba iliyotawanyika nyikani ukaileta mlangoni kwa mkulima. Sotoka ilipoukata mzunguko huo, ardhi iliyokuwa ikilishwa ikabaki ikilisha tu.

Bati ilikuja na mantiki tofauti. Madini yake yalijulikana Karagwe tangu miaka ya 1920, na wakati wa utawala wa Waingereza kampuni iliyoitwa Kyerwa Syndicate iliyachimba katika vilima vya upande wa mto Kagera. Madini ya bati ni mazito, karibu mara saba ya uzito wa maji, na uzito huo ndio uliounda teknolojia yote: unachimba, unamwaga maji juu ya udongo, mchanga mwepesi unakwenda na maji, bati inabaki chini. Karai la mchimbaji mdogo na mfereji wa kampuni vinafanya kazi ileile kwa ukubwa tofauti. Kwa hiyo mabaki ya bati ni tope. Kwa kila kilo inayobebwa, udongo mwingi sana unasogezwa kutoka kilimani kwenda bondeni, na ndani ya tope hilo umo udongo wa juu uliokuwa unaotesha nyasi. Kampuni haikuwa na sababu yoyote ya kulirudisha. Hati yake ilihusu madini, si kilima. Faida yake ilitoka kwenye uzito uliopakiwa, na gharama ya shimo iliachwa kwa atakayelima au kuchunga pale baadaye.

Hapa ndipo pingamizi kali zaidi dhidi ya hoja yangu linapojitokeza, na linastahili kujibiwa kikamilifu. Kampuni za bati, atasema mpingaji, hazikuuawa na tope. Ziliuawa na bei. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake, mfumo uliokuwa ukishikilia bei ukavunjika, na migodi ikafungwa katika nchi nyingi. Jirani kabisa, nchini Rwanda, kampuni kubwa ya madini SOMIRWA ilifilisika mwaka huohuo. Ukweli huo sikatai. Lakini tulinganishe na kilichotokea kwa kahawa miaka minne baadaye. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi cha kahawa ya kuuza kwa kila nchi ulivunjika, na bei ya dunia ikaporomoka vivyo hivyo. Uchimbaji wa kampuni ulipokufa uliacha mashimo, na wachimbaji wadogo wakaingia kuokota kilichobaki kwa sururu na karai. Kahawa haikufa. Mwaka 1990, bei ikiwa chini, wakulima wa Karagwe walipata chama chao kikuu, KDCU, kikijitenga na kile cha mkoa, KCU. Bei ilipiga pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa na kitu kinachoota tena kila mwaka ndani ya kibanja cha mtu, upande mwingine ulikuwa na shimo. Bei huamua ni lini kampuni itayumba. Kama itasimama tena, hilo huamuliwa na kile ilichoacha kwenye ardhi.

Tena bati yenyewe imetoa ushahidi wa pili katika zama zetu. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyozitaka kampuni zake kutoa taarifa kuhusu bati na madini mengine matatu kutoka Kongo na nchi zinazopakana nayo, na Desemba mwaka huo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu wakakubaliana mjini Lusaka juu ya mfumo wa vyeti. Lengo lilikuwa jema: kukata fedha za makundi yenye silaha. Kwa Kyerwa, ambako hapakuwa na vita hivyo, matokeo yalikuwa kwamba kwa miaka kadhaa madini yasiyo na cheti hayakuwa na njia halali ya kutoka, na wachimbaji wadogo wakayauza kwa magendo kuvuka mpaka kwa bei ya kutupa. Mtu anayeuza gizani hawezi kudaiwa kufukia shimo, kwa kuwa haitambuliki kama shimo ni lake. Cheti ni teknolojia pia, ya karatasi na rejista, na pale kinapomfikia mchimbaji kinafanya kazi ambayo hakuna mtambo unaoweza kuifanya: kinaunganisha kilo ya bati na kilima ilikotoka. Ndiyo maana masoko ya madini na vituo vya ununuzi vinavyosimamiwa na serikali vina maana kwa mazingira, hata kama vilianzishwa kwa sababu ya kodi.

Sasa tufike kwenye kahawa, kwa kuwa ndilo zao linalogusa karibu kila nyumba. Wilaya hizi mbili zilihesabiwa kuwa na watu wapatao 653,000 katika sensa ya 2012, karibu nusu kwa nusu, na wengi wao wanaishi ndani ya mashamba yao, migomba ikiwa juu, mibuni chini yake, maharage katikati. Robusta ya hapa haioshwi. Inachumwa, inaanikwa na ganda lake, na inauzwa kama kahawa ya maganda. Kwa jicho la mazingira hiyo ni baraka isiyosifiwa vya kutosha. Mitambo ya kumenya kahawa mbivu, inayotumika sana kwa arabika, hutaka maji mengi na kuyarudisha mtoni yakiwa yamejaa sukari na chachu zinazonyonya hewa ambayo samaki wanaihitaji. Karagwe hutumia jua. Basi watu wakisema kilimo cha hapa kiko nyuma kwa kukosa mitambo hiyo, wapime kwanza ni kijito gani wangekitoa kafara kwa ajili ya ongezeko gani la bei.

Lakini jua halikoboi. Kukoboa kunataka kinu, na mahali kinu kilipowekwa pameamua mengi kuliko wapangaji walivyokusudia. Kwa miaka mingi kahawa ya maganda ilipakiwa kwenye magari hadi Bukoba, ambako palikuwa na kiwanda cha kukoboa cha BUKOP, na ambako TANICA ilianza kutengeneza kahawa ya unga miaka ya 1960. Vyama vikuu vya mkoa, KCU na KDCU, ni miongoni mwa wanahisa wa TANICA. Kahawa ya maganda ikikobolewa, karibu nusu ya uzito hutoka kama kahawa safi na nusu nyingine ni ganda. Kwa hiyo nusu ya mzigo wa kila gari lililoteremka kwenda ziwani ilikuwa kitu ambacho hakuna mnunuzi wa Ulaya aliyekiagiza. Ganda hilo si takataka. Limejaa potasiamu: tani moja ya maganda makavu hubeba takriban kilo 20 au zaidi, na potasiamu ndicho chakula ambacho mgomba na mbuni hukihitaji kwa wingi sana. Ilinyonywa na mizizi kutoka kibanja kimoja kimoja, ikapanda kwenye tunda, ikasafirishwa kwa gharama ya mafuta ya mkulima mwenyewe, kisha ikarundikwa nyuma ya kiwanda mbali na nyumbani. Zidisha kwa miaka mingi. Wachimbaji wa bati waliondoa udongo wa kilima kwa maji. Sisi tumeondoa rutuba ya kibanja kwa magunia, taratibu, bila shimo la kuonyesha.

Wapo watakaosema kwamba maganda yana kazi nyingine: yanachoma matofali, yanachemsha maji viwandani, yanapunguza ukataji wa kuni, na katika wilaya zilizopoteza miti mingi, hasa tangu wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi Karagwe mwaka 1994 na kuhitaji kuni kila siku, kila gunia la ganda linalochomwa ni mti unaobaki. Hoja hiyo ni nzuri, na haipingani na yangu kama inavyoonekana. Ganda likichomwa, naitrojeni hupotea na moshi, lakini sehemu kubwa ya potasiamu hubaki kwenye majivu. Kinachotakiwa ni majivu yarudi. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kupata joto na shamba likapata madini kutoka kwenye gunia lilelile, ikiwa kuna mtu mwenye wajibu wa kupakia majivu kwenye gari. Hilo si suala la sayansi ngumu. Ni suala la mkataba na nauli.

Wengine watauliza: je, ushirika maskini, unaohangaika na wanachama wanaouza kahawa kwa butura ikiwa bado maua, una nafasi ya kufikiria majivu? Butura ni jeraha la kweli. Mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu humwuzia mwenye fedha mavuno ya miezi ijayo kwa sehemu ndogo ya thamani yake, na chama cha msingi hubaki na ghala tupu na mkopo wa benki. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, na kuanzia mwaka 2018 ikaelekeza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika. Lakini tujiulize kwa nini mtu auze maua. Mojawapo ya sababu ni kwamba kibanja kilichochoka hakitoi ndizi za kutosha za kula na kuuza miezi ya katikati. Mnyauko wa mibuni ulioingia Kagera miaka ya 1990 na mnyauko wa migomba uliofuata miaka ya 2000 ilipunguza zaidi akiba ya nyumba. Familia yenye migomba inayozaa vizuri ina sababu chache za kumwendea mnunuzi wa butura. Rutuba na uaminifu wa mwanachama kwa chama chake hukutana hapo, na chama kinachopuuza cha kwanza kitaendelea kulalamikia cha pili.

Karagwe imekuwa pia mahali ambapo swali hili limepimwa kwa uangalifu. Mashirika mawili ya hapa, MAVUNO na CHEMA, yalishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, miongoni mwao Ariane Krause, kujaribu teknolojia tatu ndogo: mtambo wa gesi unaochachusha vigogo vya migomba pamoja na samadi, jiko linalogeuza takataka za shambani kuwa gesi na kuacha makaa, na choo kikavu ambacho kinyesi chake huuawa vijidudu kwa joto kisha huchanganywa na makaa hayo kuwa mboji. Udongo wa hapo una asili ya majivu ya volkano na huishikilia fosforasi isiifikie mimea. Mahindi yaliyopata mboji hiyo yalizaa mara kadhaa zaidi ya yale yasiyopata kitu. Matokeo ya gesi hayakuwa ya kusifia tu: mtambo hutaka malisho na maji mengi kila siku, na familia isiyo na ng'ombe wala kisima karibu haiwezi kuulisha. Afrika Mashariki ina mitambo mingi ya gesi iliyokauka kwa sababu hiyohiyo. Ninaona hilo kama uthibitisho wa hoja, si kasoro yake. Mtambo uliojengwa bila kujibu swali la kinachoingia na kinachotoka hufa kama tanuri lililokosa makaa, hata ukiitwa wa kijani.

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka hii yako Murongo, wilayani Kyerwa. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha umeme wa maji cha Kikagati-Murongo kwenye mto Kagera, megawati 14 zinazogawanywa baina ya nchi mbili. Kagera ilikuwa imeishi miaka mingi kwa umeme unaoletwa kutoka Uganda. Umeme unaopatikana karibu una maana moja ambayo haikutajwa sana siku ya sherehe: kinu cha kukoboa hakilazimiki tena kukaa mjini. Kinaweza kukaa Nkwenda, Kaisho, Mabira au Isingiro, mahali ambapo ganda likitoka liko umbali wa mkokoteni kutoka shambani. Gari litabeba kahawa safi peke yake, nusu ya mzigo wa zamani kwa thamani ileile. Ikitokea tofauti, umeme huo ukaishia kuongeza kasi ya vinu vikubwa vya mjini, mto utakuwa umefanya kazi ya kuharakisha upotevu uleule.

Na sasa Ulaya inadai ramani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kila mzigo wa kahawa uonyeshe kipande cha ardhi ulikotoka, na kwamba hakikuwa msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wapimaji wenye simu wameshaanza kupita mashambani. Wakulima wa hapa, ambao wengi vibanja vyao vilirithiwa, wana sababu ya kuona dai hilo kama mzigo uliotwikwa watu wasiohusika, na gharama yake kuviangukia vyama wakati faida inakwenda kwa mkaangaji wa Hamburg. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo rejista ikishakuwepo, inaweza kusomwa pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza chama kikuu kitajua kila gunia limetoka kibanja gani, na kwa hiyo kila gunia la ganda au ndoo ya majivu ingepaswa kurudi wapi. Mikataba ya kukoboa husisitiza asilimia ya kahawa safi na ada kwa kilo. Kipengele cha kuongeza ni kifupi: ganda ni mali ya aliyelima, na kiwanda kinachotaka kulichoma kinalipia, na kinarudisha majivu kwa gari lilelile lililoleta mzigo.